Ngamia Ambaye Hakupotea

Kuna watu Garissa ambao tumbo lao hufika sokoni kabla yao, na Abdihafid Guleid alikuwa mmoja wao. Alikuwa dalali wa ngamia na ng'ombe katika soko la mifugo, mtu wa miaka hamsini na kitu, na tumbo hilo hakulionea haya hata kidogo. Kwa watu waliozaliwa nyikani wakaona ukame ukimaliza zizi zima, mtu mwembamba ni mtu mwenye shida, na mtu mnene ni mtu ambaye Mungu amemkumbuka. Basi Abdihafid alikumbukwa sana.

Asubuhi alikunywa chai ya maziwa ya ngamia yenye sukari ya kusimamisha kijiko, na anjera, chapati laini za Kisomali, zilizolowa samli. Jua likipanda kidogo alikuwa kwa Shamis, mama aliyeuza chai kando ya uzio wa soko, na pale kila kikombe kilikuja na sambusa yake. Mchana madalali walikaa pamoja kuzunguka sinia la wali na mbuzi, au tambi na ndizi mbivu pembeni. Na kwenye sinia hakuna anayejua amekula kiasi gani, kwa sababu upande wako ukiisha jirani anakusogezea wake, nawe ukikataa umemtukana. Mboga za majani Abdihafid alizijua kwa macho tu. Ukimwambia ale sukuma, alikuuliza kama umemwona na pembe.

Kutembea ndiyo kabisa. Nyumbani kwake Bulla Iftin alichukuliwa na tuktuk mlangoni, ikamshusha karibu na kiti chake cha plastiki, na hapo kitini wanyama wakaletwa kwake. Kazi ya dalali haitaki miguu, inataka mkono na neno. Mkono wake uliingia chini ya kikoi pamoja na mkono wa mnunuzi, wakapatana bei kwa vidole bila mtu wa tatu kujua. Neno lake nalo lilisimama mahali pa hati. Akisema mnyama huyu ni halali ya huyu mtu, si wa wizi, hakuna aliyeuliza tena. Vidole kila dalali anavyo. Neno la Abdihafid ndilo lililowaleta watu kutoka Balambala na mbali zaidi wakimuulizia kwa jina.

Tabu ilianza kwa kiu. Alikunywa maji mpaka usingizi ukamkimbia kwa kwenda chooni, na mchana macho yakawa yanamwonyesha ng'ombe wawili mahali pa mmoja, jambo ambalo kwa dalali si dogo. Kisha kiatu kikamchubua kidole cha mguu, na mchubuko huo ukakataa kufunga. Mkewe Ruweyda aliupaka dawa, akausomea dua, akaufunga kitambaa safi, nao ukabaki wazi. Mwishowe alimwambia kwamba yeye hatakaa kumwangalia akioza kipande kipande, akamtoa nyumbani na kumfikisha hospitalini.

Pale aliyempokea mwisho, baada ya vipimo, alikuwa Hani, afisa wa lishe. Na hapo ndipo aibu ya kwanza ilipompata, kwa sababu Hani alikuwa binti wa Kadar, dalali mwenzake waliyekula sinia moja kila mchana. Alimjua tangu amebebwa mgongoni. Leo amekaa nyuma ya meza akimwita adeer, yaani baba mdogo, na kumuuliza anakunywa vikombe vingapi vya chai na vijiko vingapi vya sukari. Abdihafid alitaja nusu. Hani aliandika, akainua macho, akauliza tena kwa upole uleule, na safari hii Abdihafid akasema ukweli.

"Adeer, sukari yako iko juu sana," Hani alimwambia. "Hiki kidonda kisipopona, unajua wataongea habari ya mguu. Mimi sikutishi. Lakini mambo yenyewe ni madogo, unaweza."

Na kweli yalikuwa madogo. Chai ibaki, sukari iondoke. Wali upungue nusu, na ile nusu ijazwe mboga. Maji badala ya soda. Samli na vya kukaanga viwe vya siku moja moja. Dawa asiziruke, kidonda aje kisafishwe, avae viatu laini visivyombana, na kidole kikishaanza kukauka aanze kutembea kila asubuhi, mwendo wa haraka, mpaka jasho litoke. Akamwambia miguu yake ilizaliwa ikitembea, airudishie kazi yake. Abdihafid aliitikia yote kama mtoto wa madrasa, kisha akasimama na kuuliza lile pekee lililokuwa likimchoma: je, Kadar atajua? Hani akamjibu kwamba siri ya mgonjwa haitoki chumbani humo, hata kwa baba yake.

Mficha maradhi, kifo humuumbua. Methali hiyo Abdihafid aliijua vizuri, aliwahi kumwambia mtu mwingine. Lakini methali tunazipenda zikiwapiga jirani. Kwake yeye sukari ilikuwa maradhi ya watu waliokaa bure, na dalali akijulikana ni mgonjwa, watu huanza kutafuta dalali mwingine kabla hajalala kitandani. Akaapa kupona bila mtu kujua.

Nyumbani ilikuwa rahisi. Ruweyda alimkatia sukuma na mchicha, akampikia kwa mafuta kiduchu, naye akala mlango umefungwa, akitafuna kwa hasira kama anayelipishwa faini. Sokoni ndiko uongo ulikoanza. Kwa Shamis alisema tumbo lina gesi, kwa hiyo chai ije bila sukari wala sambusa. Kwenye sinia alisema amekula nyumbani, wageni walikuja. Wageni hao walikuja mfululizo, hata Kadar akauliza kama kuna harusi.

Kutembea kulimtia aibu kubwa zaidi. Katika watu wa Abdihafid mtu mzima hatembei bure. Anakwenda kisimani, anakwenda msibani, anafuata mnyama. Mtu mwenye mvi anayetoka mbio mbio, akafika mahali pasipo na kitu, akageuka na kurudi mkono mtupu, huyo ni wa kuombewa dua. Ndiyo maana kidole kilipoanza kukauka, na Hani akamruhusu, alitoka mara tu baada ya swala ya alfajiri, akavaa raba mpya, akashika fimbo ili mkono usiwe mtupu, na akaelekea nje ya mji kwa barabara ya Balambala ambako hakutarajia kumwona mtu.

Alimkuta Mzee Awil. Mzee huyu alichunga ngamia pamoja na baba yake Abdihafid, na siku hizi alitoka asubuhi kuangalia mbuzi wake wachache waliolala kwenye boma la ukingoni mwa mji. Walisalimiana, na baada ya salamu zikafuata habari kama desturi inavyotaka. Watu wa nyika wakikutana njiani huulizana yote: unatoka wapi, unakwenda wapi, umeona nini. Kunyamaza ni utovu wa adabu, na kudanganya ni kubaya zaidi, kwa maana habari ya uongo nyikani inaweza kumuua mtu kwa kiu. Mzee Awil akatazama raba, akatazama fimbo, akatazama lile tumbo likipanda na kushuka, akauliza anakwenda wapi.

"Natafuta ngamia, adeer," Abdihafid akasema. "Jike. Amekata kamba."

Lilimtoka tu. Na lilipotoka, likataka nguo za kuvaa. Mzee akauliza ngamia gani huyo, na Abdihafid akamweleza: mweupe, sikio la kushoto limechanwa, alama ya mstari mmoja shingoni, amemnunua juzi kwa ajili ya maziwa ya nyumbani, na pengine anarudi kwenye visima alikozaliwa, kwa sababu ngamia hasahau kwao. Alieleza kwa ufasaha kwa kuwa ngamia huyo alimjua. Alikuwa jike wa baba yake, aliyemchunga akiwa kijana mwembamba wa miguu ya mbu, na alikuwa amekufa kabla Ruweyda hajazaliwa.

Uso wa Mzee Awil ulibadilika. Kupoteza ngamia si kupoteza simu. Anayemtafuta ngamia wake hazuiwi njia, hanyimwi maji, na kila anayekutana naye huwa ameingia katika kazi hiyo atake asitake. Mzee akamshika mkono, akamwambia InshaAllah atapatikana, akampa jina la kila mtu mwenye boma upande ule. Abdihafid aliondoka jasho likimtiririka, na si la mwendo.

Njia ya mwongo ni fupi, wanasema, lakini ya huyu ilirefuka kwanza. Kila asubuhi alikwenda, na kila aliyemwona alimpa pole. Hakuna aliyecheka. Aliweza kukimbia kidogo, kupanda tuta, hata kuvua shati la juu na kulifunga kiunoni, na watu wakasema maskini, tazama anavyohangaika. Mwili wake nao, ambao haujui uongo, ulimjibu. Kiu ikapungua, kikoi kikawa kinafungwa mara mbili kiunoni, macho yakarudi kuona ng'ombe mmoja akiwa mmoja, na kidole kikafunga kabisa, kikaacha kovu. Hani alipompima alitabasamu na kumwambia aendelee hivyohivyo. Abdihafid akapata furaha ambayo hakuitegemea. Baridi ile ya asubuhi, harufu ya vumbi lililolala, ndege wakiamka kwenye migunga. Alikuwa amesahau kwamba aliwahi kuwa mtu wa mambo hayo.

Lakini wema wa watu ulimfuata kama deni. Msikitini ngamia akaombewa dua baada ya swala. Abdinasir, kijana wa pikipiki aliyempenda Abdihafid kama baba yake, alikusanya wenzake wakapiga doria mpaka mafuta yakawaishia. Mtu kutoka Ifo alipiga simu kusema amesikia habari ya jike mweupe, na mwingine Tarbaj, kaunti nzima mbele, akasema kuna ngamia mgeni kisimani kwao, mwenye chongo lakini. Majirani wa kike walikuja kumfariji Ruweyda, naye ilimbidi akae na kupokea pole za ngamia ambaye hajawahi kumkama. Kibaya kuliko vyote, Mzee Awil, na magoti yake yale, alikuwa akimaliza kuangalia mbuzi wake anaendelea mbele kwa miguu kutafuta nyayo.

Ruweyda alimwambia mumewe amalize jambo hili. Alimwambia kwamba yeye ameolewa na mtu ambaye neno lake linauza ngamia, na sasa anaogopa kufungua mlango akigongewa. Abdihafid alijaribu kufikiria mwisho. Akisema amepatikana, watu watakuja kumwona na kunywa maziwa yake. Akisema ameliwa na fisi, Abdinasir atataka kuona mifupa. Kwa hiyo akangoja watu wachoke wenyewe. Hakuwajua watu wake, au alijifanya hawajui; kwa ngamia hawachoki.

Siku ya soko kubwa alichelewa kidogo, akaja kwa miguu, na kabla hajafika kwenye kiti chake aliona watu wamesongamana karibu na kipakilio cha malori. Wakampisha. Katikati alisimama ngamia jike mweupe, sikio la kushoto limechanwa, mstari mmoja shingoni. Chini, kwenye vumbi na kinyesi, alikaa mtu wa makamo aliyefungwa mikono kwa kamba ya ngamia huyohuyo. Kofia yake ilikuwa imeanguka na hakuna aliyemwokotea.

Abdinasir alimkumbatia Abdihafid akitokwa machozi ya furaha. Akasema wamempata, adeer, na mwizi wake pamoja. Akaeleza kwamba mtu huyu anaitwa Salat, ametoka boma moja la barabara ya Balambala, ameingia na ngamia alfajiri, na alipoulizwa anatafuta nini alikuwa na ujasiri wa kusema anamtafuta dalali Abdihafid amuuzie. Vijana walicheka maelezo yalipofika hapo. Mmoja alikuwa ameshapiga picha na kuitupa kwenye kundi la WhatsApp la soko, na picha haina mguu wa kufungwa.

Salat hakucheka. Alikuwa akimtazama Abdihafid. Baadaye, miezi baadaye, Abdihafid alipolikumbuka jicho lile, lilikuwa halina chuki, na hilo ndilo lililomuumiza. Lilikuwa jicho la mtu aliyefurahi kwamba dalali mwenyewe amefika, na sasa mambo yatanyooka. Ngamia alikuwa wa mama yake. Alama ile ya shingo wanayo nusu ya ngamia wa upande ule, na sikio la kushoto huchanwa na kila mtu anayenywesha kwenye visima vilevile alikokulia Abdihafid. Yeye alijua hivyo kuliko mtu yeyote pale.

Alipaswa kusema wakati huo. Alisimama. Aliwaona madalali wenzake, alimwona Kadar, alimwona Shamis ameacha birika motoni amekuja kutazama, aliwaona wateja wa Balambala na Wajir waliomjua kwa jina, na ulimi ukamkauka mdomoni kuliko siku za kiu. Alizunguka ngamia. Alimshika shingo, akajifanya anachunguza alama. Watu walimpa nafasi, wakidhani ni uchungu wa mtu aliyekipata kilichopotea. Aliinama kutazama ukwato ambao haukuwa na lolote la kutazamwa. Mmoja wa vijana alimsukuma Salat kwa goti ili asogee, naye Abdihafid aliona, na bado hakusema.

Mwishowe alisema, "Huyu si wangu."

Akadhani amemaliza. Lakini Abdinasir akasema adeer anamwonea huruma mwizi, na wengine wakaitikia, wakasifu moyo wake mkubwa. Sifa hiyo ilimwingia kama mwiba. Mzee Awil, aliyekuwa amekalishwa kwenye gunia kwa sababu ya magoti, akauliza kwa sauti ya kutoelewa: si ni yeye mwenyewe aliyemweleza, mweupe, sikio la kushoto, mstari mmoja? Kama si huyu, wake alikuwaje?

Ndipo Salat alipomwambia Abdihafid, bila kupandisha sauti. "Mzee, niambie mbele yao. Mimi ni mwizi?"

"Hapana."

"Basi ngamia wako yuko wapi? Kwa sababu mpaka apatikane, mimi ndiye nimemwiba."

Uongo wa mwisho ulikuwa tayari mdomoni, na ulikuwa mzuri kuliko wote: kwamba ngamia wake amepatikana jana jioni mbali, huko Balambala, na hajapata nafasi ya kuwaambia. Ungemfungua Salat, ungemfunika yeye. Abdihafid alifungua mdomo auseme, akamwona Mzee Awil ameshaanza kuinua mikono kumshukuru Mungu kwa habari njema ambayo hajaisikia. Mzee alikuwa tayari kuamini. Hilo lilimshinda.

"Hakuna ngamia," akasema. "Sijapoteza ngamia. Nina ugonjwa wa sukari. Hospitali wameniambia nitembee kila asubuhi, nikaona haya kuonekana natembea bure, nikasema natafuta ngamia."

Alitegemea kicheko, na kicheko kingekuwa nafuu. Mtu mmoja nyuma alianza, akanyamazishwa. Abdinasir alimtazama kama anayemwona kwa mara ya kwanza, kisha akapiga magoti na kumfungua Salat. Aliiokota kofia, akaipangusa kwenye goti lake, akampa mwenyewe. Mtu mmoja mwenye fahali aliyekuwa akimngoja Abdihafid alivuta kamba taratibu, akampeleka mnyama wake kwa dalali mwingine. Hakusema neno baya. Aliondoka tu.

"Huyo ngamia nimemwombea kila swala," Mzee Awil alisema. "Ungeniambia ni wewe mgonjwa, ningekuombea wewe."

Abdihafid alitamani ardhi ya soko ifunguke, na ardhi haikumfanyia hisani hiyo.

Wazee walikaa siku ileile kivulini mwa ukuta wa soko. Mtu aliyevunjiwa heshima hadharani ana haki yake, na haki hiyo kwa kabila hili huitwa haal: hulipwa kwa mifugo, na wote waliomgusa huchangia. Hayo yalipita upesi, hakuna aliyebisha. Salat aliketi pembeni na ngamia wake, akakataa chai, akakataa kuuza, akasema anarudi nyumbani. Lakini wazee waliongeza jambo moja. Ile picha ilikuwa imefika kwenye boma la mama yake, Weris, kupitia simu ya jirani. Mbuzi wa haal watapelekwa na vijana, wakasema, lakini habari ya kweli ataipeleka Abdihafid mwenyewe, kwa mdomo wake.

Alikwenda kesho yake kwa miguu. Abdinasir hakujitolea kumpeleka, naye hakumwomba. Ruweyda alimpa chupa ya maji na mfuko wa dawa zake, akamwangalia akivaa raba, na kwa mara ya kwanza tangu mambo haya yaanze alitoka naye mpaka barabarani mchana kweupe. Njiani watu walimuuliza habari, naye akawapa habari kamili: anatoka mjini, anakwenda kwa mama wa Salat, amemsababishia mwanawe kuitwa mwizi. Kila alipoisema ilikuwa nzito kama mara ya kwanza. Alikuwa amedhani aibu hupungua ukiisema mara nyingi. Sijui nani alimdanganya hivyo.

Boma lilikuwa mwendo wa asubuhi nzima, nyumba chache za miti na maturubai karibu na migunga. Salat alikuwa malishoni. Weris alikuwa mwanamke mzee, mrefu, mwembamba, aliyenyooka, na alimpokea kama mgeni anavyopokewa: mkeka kivulini, maji ya kunawa, kisha chai. Aliichota sukari kwa mkono mkarimu, na Abdihafid akamzuia. Akasema, "Mama, usiweke sukari. Mimi ni mgonjwa wa sukari." Maneno yaleyale aliyoyakimbia nyika nzima yalitoka kirahisi, mbele ya mtu asiyemjua, na Weris akarudisha sukari koponi bila kushangaa. Akasema dada yake aliyekufa alikuwa nayo pia. Abdihafid akashusha pumzi, akajiambia kwamba lile gumu limepita.

Akamweleza kila kitu, kuanzia barabarani na Mzee Awil hadi kamba ya mikono. Hakujipunguzia. Weris alisikiliza bila kumkatiza, akikuna kuni kwa kucha ya kidole gumba, mpaka akamaliza na kuomba msamaha.

"Picha ya mwanangu amefungwa ilinifikia jana asubuhi," akasema. "Habari kwamba hakuiba ilinifikia jua likiwa limepanda sana. Hapo katikati wewe ulikuwepo?"

"Kuna wakati sikuwa nimefika. Kisha nilikuwepo, mama."

"Ulipofika, ulijua si mwizi?"

"Nilijua."

"Ulisimama muda gani kabla hujasema?"

Abdihafid alitaka kusema kidogo. Aliona shingo ya ngamia chini ya kiganja chake, aliona ukwato, aliona goti la yule kijana. "Muda mrefu," akasema.

Weris alitikisa kichwa taratibu, kama mtu aliyepata habari aliyokuwa akiitafuta.

"Muda huo wote wewe ulikuwa unaficha ugonjwa wako," akamwambia, "na mimi nilikuwa mama wa mwizi. Nilikaa hapa ulipokaa. Majirani walikuja, na hakuna aliyejua aniambie nini."

Akainua birika, akamjazia kikombe tena chai isiyo na sukari, kwa sababu mgeni ni mgeni. Abdihafid aliinywa yote, macho yamekwama kwenye mkeka.